Mia Tatu Themanini na Nane

Usiku wa leo nimepanda mawe elfu moja ya uongo
katika picha za mbingu ya Arizona:
kila jiwe vitone vinne, kimoja kila baada ya dakika nane,
vikitambaa kama vitambaavyo vya kweli.
Kompyuta sikuiambia.
Nikachemsha kahawa, nikaketi, nikaiacha itafute.

Ndiyo kazi yangu siku hizi. Sitafuti mawe.
Napima upofu.

Wageni wakipanda mlima Jumamosi na watoto wao
huuliza, "Asteroidi ngapi mmeziona?"
Nawatajia hesabu, wanapiga mbinja.
Hakuna aliyewahi kuuliza tumeziona zipi.

Tumeona zing'aazo.
Jiwe kubwa jeusi kama sufuria ya kuni
na jiwe dogo jeupe kama chaki
hutuletea mwanga uleule, punje kwa punje,
nasi tukiandika ukubwa, tunaandika dhana.
Tumeona yapitayo karibu, yapitayo polepole,
yapitayo kabla mwezi haujapevuka.
Julai na Agosti mvua hupanda kutoka Sonora,
radi hutembea juu ya kuba, tunafunga,
na katika daftari miezi hiyo ni pengo la jino:
ulimi hauachi kulirudia.
Huenda lipo jiwe lijalo Julai tu.
Huja, hukuta mlango umefungwa, huenda zake.

Mama yangu, Eusebia, alikuwa karani wa sensa huko Nogales.
Alibisha hodi mchana, maana mchana ndio uliolipwa.
Mtaa wa nyuma ya maghala ya nyanya ulikuwa kimya,
akaandika: nyumba tupu, nyumba tupu, nyumba tupu.
Miaka ikapita, ndipo siku moja akapita huko alfajiri
akakuta taa zinawaka, maharage yanatokota,
watu wa zamu ya usiku wanavua buti vizingitini.
Msimamizi hakumwambia. Aliniambia mimi,
mara moja tu, akikwangua miiba ya mpungate,
wala hakuinua uso.

Mwezi Machi lilitupita jiwe la ukubwa wa kanisa.
Lilitokea upande wa jua,
ambako hakuna darubini yetu ithubutuyo kutazama.
Tuliliona siku ya pili yake, likiondoka.
Akupaye kisogo si mwenzako, wanasema;
na ya upande ule, karibu yote tuyajuayo
ni visogo.
Orrin Tsosie, fundi wa kuba, alikuwa anatia grisi reli.
"Shukuru halikuwa na nia," akasema,
akaendelea na grisi yake.

Saa tisa kasoro kompyuta imemaliza.
Mia sita na kumi na mawili, inasema,
kwa fahari ya mtoto aliyetumwa dukani
akasahau nusu ya vitu njiani.

Mia tatu themanini na nane hayapo.

Nayafuata moja moja, orodha ninayo.
Hili lilizama ndani ya Njia Nyeupe,
nyota zimebanana pale hata kivuli hakipenyi.
Hili lilikatwa na ukingo wa picha.
Hili lilikwenda mbio mno, likawa mchirizi,
mashine ikalidhani setilaiti, ikalitupa.
Haya kumi na tisa, sijui.
Na hili, la mia mbili na saba,
nililiweka mimi, kwa mkono huu,
pikseli naijua, dakika naijua,
nakaza macho mahali penyewe
na sioni kitu.

Nje kumeanza kupambazuka.
Kuba linalia likijifunga; Orrin anapiga miayo.
Jua linachomoza kule kule.
Fomu ina kisanduku kimoja cha maelezo,
na desturi ni kuandika: *hakuna kitu*.
Nakaa na kalamu hadi kahawa inapoa.
Naandika: *nilibisha hodi mchana*.